Fundi Karabai na Mtoto wa Jalalani

Mtu akikuambia kwamba Shigela aliwahi kumkatalia mtu jambo, ujue anamsema Shigela mwingine. Huyu wa kwetu Mkuyuni, fundi wa taa za karabai, alikuwa mtu wa ndiyo. Wavuvi wa dagaa walimletea taa zao zilizoziba sindano na kupasuka vioo, kila mmoja akitaka ya kwake iwe tayari kesho asubuhi, na kila mmoja alijibiwa ndiyo. Kesho asubuhi ikifika, kibarazani kwake kulikuwa na taa kumi na mbili zikining'inia na wavuvi kumi na wawili wakigombana. Shigela alikuwa akiwasikiliza wote, akiwapa pole wote, na mkono wake ukiendelea kupampu taa ya mtu wa kumi na tatu ambaye hata kwenye foleni hakuwemo.

Hakuanza na karabai. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, idara ya kusokota uzi, mpaka mwaka ule serikali ilipochoka kulisha viwanda na watu wakaanza kusomewa majina ya kupunguzwa kazini. Jina lake liliposomwa alisema "ndiyo" akaenda kutia saini kabla hawajamaliza kueleza anatia saini ya nini. Wenzake walipiga kelele wiki nzima getini. Yeye alirudi nyumbani, akakumbuka kwamba marehemu baba yake alijua kutengeneza karabai, akaanza. Mimi sioni sababu ya kumcheka kwa hilo. Waliopiga kelele getini nao walirudi nyumbani vilevile, ila wamekauka koo.

Mke wake aliitwa Suzana. Alikaanga mapanki pale njia ya kwenda sokoni. Minofu ya sangara ilipanda ndege kwenda Ulaya, na sisi tuliobaki tukaachiwa kichwa na mifupa, tukashukuru, tukapanga foleni kwa Suzana. Alikuwa na mkono mzuri wa chumvi na mdomo usiokopesha. Mumewe akisema ndiyo mara mia kwa siku, yeye alisema hapana mara mia, na kwa njia hiyo nyumba yao ilikwenda sawa.

Kitu kimoja tu ndicho kilichowashinda wote wawili. Walikuwa wameoana miaka kumi na minne na hawakuwa wamepata mtoto. Walikuwa wamekunywa dawa za mizizi mpaka Bariadi. Walikuwa wameombewa na wachungaji wa aina mbili. Hospitali waliambiwa hawana ubaya wowote, warudi nyumbani wakaendelee kujaribu, jibu ambalo Suzana alisema ni sawa na kumwambia mwenye njaa aendelee kutafuna. Ndugu za Shigela walikuja kutoka Magu mara tatu kumwambia aoe mwingine. Mara zote tatu aliwajibu "ndiyo, nimesikia," akawachinjia kuku, akawasindikiza hadi kwenye gari, na mke mwingine hakuonekana. Nadhani ni katika jambo hilo tu ambapo ndiyo yake ilimfaa mtu.

Walipanga chumba kimoja katika nyumba yenye ua mmoja na wapangaji sita. Wanawake wote wa uani ule walikuwa Mama Fulani. Mama Neema, Mama Kulwa, Mama Joni. Suzana, ambaye alikuwa mkubwa kuliko watatu kati yao, aliitwa Suzana. Watoto wadogo kabisa, wasiojua kujifuta kamasi, walimwita Suzana. Hakuna aliyefanya hivyo kwa ubaya, lakini Shigela aliona jinsi mkewe alivyokuwa akichelewa kidogo kuitika.

Chumba cha mkabala alikaa Owuor, Mjaluo wa upande wa Shirati, aliyefanya kazi kwenye mitumbwi, pamoja na mke wake Evelina. Hao walikuwa na shida iliyogeuka upande wa pili. Evelina alizaa, lakini watoto hawakukaa. Wa kwanza alifika miezi mitano, wa pili wiki tatu, wa tatu hata jina hakupata. Alipojifungua wa nne, mtoto wa kike, hakuna mtu wa uani aliyepiga vigelegele. Watu walipita mlangoni kwa unyenyekevu, wakauliza hali kwa sauti ya chini, wakaenda zao.

Mama yake Owuor, Bibi Adoyo, alikuja kutoka Shirati siku ya pili akiwa na kuku kapuni na shauri kichwani. Alisema mtoto huyu lazima atupwe. Usishtuke, ni desturi ya kwao, na hata sisi Wasukuma tunayo inayofanana nayo. Mtoto anayefuata wenzake waliokufa huwekwa jalalani asubuhi, mwanamke asiye ndugu anapita kama kwa bahati, anamwokota, anauliza ni wa nani, na wenyewe wanamkana mbele za watu. Aliyemwokota anakwenda naye kwake. Kabla jua halijafika utosini wenyewe wanamfuata wakijifanya wanunuzi, wanatoa kuku na kibaba cha mtama, wananunua mtoto wao. Tangu hapo kifo kikija kumtafuta mtoto wa Evelina hakimpati, maana aliyepo ni mtoto wa kununuliwa. Jina lake linakuwa Awiti, aliyetupwa, na anaishi.

Kazi ikabaki kumpata mwokotaji. Bibi Adoyo alitaka mwanamke ambaye kifo hakijawahi kumchukulia mtoto. Akapita mlango kwa mlango. Mama Neema alikuwa amezika wawili. Mama Kulwa alizika Doto, pacha wa Kulwa. Mama Joni alitazama chini tu, na bibi akaelewa. Mlango wa mwisho ulikuwa wa Suzana.

"Shikamoo, bibi," Suzana alisema.

"Marahaba, mwanangu. Wewe umezika wangapi?"

"Sijazika."

"Hata mmoja?"

"Sijapata wa kuzika, bibi."

Bibi Adoyo akamshika mikono yote miwili kwa furaha. "Basi ni wewe! Kifo hakijui mlango wako."

Suzana alimweleza mumewe habari hiyo akiwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa sakafuni akiegemea pipa la maji, na Shigela alicheka pamoja naye, kwa kuwa ndiyo tabia yake, mpaka alipoona kwamba mkewe hacheki tena, wala yeye hajui alikoma saa ngapi. Alimwambia kama hataki asiende. Suzana alijifuta uso na kusema ameshakubali.

Asubuhi ya siku ya tatu ilifanyika kama ilivyotakiwa. Shigela alikuwa kibarazani ameshika soksi mpya ya taa, akaona yote. Mtoto aliwekwa kwenye ungo juu ya majivu na maganda ya ndizi, amefungwa vizuri, uso tu nje. Suzana akaja na ndoo kana kwamba anakwenda kumwaga uchafu. Akasimama, akapaza sauti.

"Jamani! Nimeona mtoto hapa. Ni wa nani?"

"Hatumjui," Bibi Adoyo akajibu kutoka uani.

"Nauliza tena. Mtoto huyu ni wa nani?"

"Simjui," akasema Owuor.

"Nauliza mara ya mwisho. Huyu ni mtoto wa nani?"

Jibu la tatu lilikuwa la mama mwenyewe. Evelina alikuwa nyuma ya mlango, na watu wakasubiri mpaka kuku wa uani wakasikika wakikwaruza. Mwishowe akasema, "Simjui," kwa sauti ambayo Shigela hakuipenda. Suzana akamwinua mtoto, akamfunga kifuani kwa kitenge, akaingia naye ndani.

Jua lilipokaribia utosini, wanunuzi wakaja na kuku wao na mtama wao, wote wanatabasamu. Mapatano ya aina hii huwa na utani, mwokotaji hutakiwa kujitia mgumu kidogo. Kwa hiyo Suzana aliposema "Siuzi," watu wakacheka. Owuor akaongeza kuku wa pili wa kuahidi. Suzana akasema tena, "Siuzi." Wakacheka zaidi, na Mama Joni akasema huyu naye anajua kuigiza. Suzana mwenyewe alitabasamu, akawatakia mchana mwema, akafunga mlango na komeo.

Walicheka kama robo saa zaidi, halafu kicheko kikaanza kupungua.

Sasa angalia walivyokwama. Kwa desturi yao, mtu wa nyumba ya Owuor akimchukua mtoto kwa nguvu, au akisema kwa mdomo wake "ni wetu", anakiambia kifo mahali alipo. Kwa hiyo hawakuweza kuvunja mlango. Hawakuweza kugombana, kwa sababu wangegombea kitu gani? Walikuwa wamemkana mara tatu mbele ya mashahidi sita na kuku kadhaa. Waliweza kununua tu, na mwenye mali hakuwa anauza.

Alasiri mtoto akalia njaa. Suzana alimtuma Shigela amwambie Bibi Adoyo kwamba nyumbani kwake kuna mtoto mchanga, na amesikia huko mkabala kuna mwanamke mwenye maziwa, kama hatajali kusaidia. Shigela akasema ndiyo, akaenda, akayasema hayo hayo kwa maneno hayo hayo huku masikio yakimwaka. Bibi Adoyo alimtazama muda mrefu.

"Baba," akasema, "wewe ndiye mwanamume wa nyumba ile. Mwambie mkeo mchezo umekwisha."

"Ndiyo, mama."

Akarudi. Suzana akamuuliza wamesemaje.

"Wanasema mchezo umekwisha."

"Na wewe unasemaje?"

"Ndiyo."

"Ndiyo nini, Shigela?"

"Ndiyo, nimesikia."

Evelina alikuja kunyonyesha, amejitanda kitenge mpaka machoni. Alikaa kwenye kigoda kama mtu aliyekuja kwenye kibarua, akampa mtoto ziwa, akatazama ukuta. Hakumwita jina wala hakumbusu. Mtoto aliposhiba alimrudisha kwa Suzana, akasema "haya, dada," akatoka. Na ikawa hivyo kila siku mara nyingi, tangu asubuhi mpaka taa zinawashwa, na kabla ya kulala tena.

Siku ya tatu tangu mtoto aokotwe wakaenda kwa mjumbe wa nyumba kumi, Mzee Venant. Wakati ule hata mjumbe mwenyewe hakuwa na hakika kama vyama vingi vimemwacha na madaraka au vimemwacha na kofia tu, kwa hiyo alifurahi kupata kesi. Alikuja akaketi uani kwenye kiti cha kuazima, watu wakajaa mpaka juu ya ukuta. Kijana wa banda la video kule barabarani alilalamika baadaye kwamba mchana ule alikosa hata mteja mmoja, maana sinema yenye wizi na vichekesho ilikuwa inaonyeshwa uani kwa Shigela bila kiingilio.

"Nani mlalamikaji?" Mzee Venant akauliza.

Owuor akanyoosha mkono.

"Unalalamikia nini?"

"Mtoto, mzee."

"Mtoto wa nani?"

Owuor akamtazama mama yake. Bibi Adoyo akatikisa kichwa kidogo tu. "Wa jalalani," Owuor akasema.

"Si wako?"

"Si wangu."

"Sasa unadai nini?"

"Nadai kununua."

"Na huyu mama?"

"Hauzi."

Mzee Venant akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa. Akamgeukia Shigela, akamuuliza yeye kama mume wa Suzana ana maoni gani. Shigela akasimama, akasema anawaelewa wote, kwamba Owuor ana haki na Suzana naye ana haki, kwamba jambo hili linahitaji busara, na kwamba yeye anaunga mkono. Akaketi. Hakuna aliyejua ameunga mkono nini. Mjumbe akasema shauri limeahirishwa na akaomba maji ya kunywa.

Siku iliyofuata Owuor alijipa moyo akaenda kituo cha polisi. Askari wa zamu alifungua daftari na swali lake la kwanza likawa jina la mzazi wa mtoto. Owuor alisema amesahau kitu nyumbani, akaondoka, hakurudi tena.

Ningependa kukuambia kwamba Shigela alikuwa akiteseka siku zile. Hakuteseka, au hakuteseka kama ilivyompasa. Alikuwa na furaha, na alijionea haya kwa furaha hiyo. Aliwapa wavuvi taa zao kwa wakati, jambo lililowatia wasiwasi. Alikwenda kwenye marobota ya mitumba akachagua sweta ndogo ya kijani yenye bata kifuani, akaificha ndani ya shati kama mwizi, na kweli alikuwa mwizi, alilijua hilo. Mtu akikuambia kitu si chake kwa kuogopa kifo, hajakupa kitu hicho. Alilijua hilo tangu saa ya kwanza. Lakini mtoto alikuwa amekishika kidole chake chenye harufu ya mafuta ya taa, akakivuta mdomoni, akakunja uso, na Shigela akacheka peke yake mpaka machozi. Suzana alimwita mtoto mayu, kama tunavyowaita mabinti zetu kwa mapenzi. Alimwimbia alipokuwa akimwogesha. Shigela hakuwa anajua kwamba mkewe anajua kuimba.

Mama Kulwa, ambaye alikuwa na ulimi wa utani, alipita dirishani siku ya tano akasema, "Hodi, Mama Mayu!" Suzana akaitika papo hapo.

Siku ya saba Evelina alikuwa kwenye kigoda chake, macho ukutani, na Shigela alikuwa mlangoni anajitia kutafuta koleo. Akaona kidole gumba cha Evelina kinatembea chini ya sweta ile ya kijani, kwenye mkono wa mtoto, kutoka kidole hadi kidole. Kilifika mwisho kikaanza tena upya. Uso wake ulikuwa umetulia tuli. Shigela akafungua mdomo. Alikuwa na maneno ya kusema, na yalikuwa machache, na yalikuwa hapo hapo mdomoni.

"Maziwa yanatosha?" akauliza.

"Yanatosha, kaka."

Akatoka nje na koleo, akasimama nayo juani bila kazi.

Siku ya nane Suzana hakwenda kukaanga. Alikuwa amekonda, macho mekundu, maana hata mtoto alipolala yeye alikuwa akikaa kumwangalia anavyopumua. Wakiwa wanakunywa uji alimuuliza mumewe swali kwa sauti ya kawaida.

"Shigela, hivi wangekuja wakamchukua kwa nguvu, ingekuwaje?"

"Hawawezi. Wanaogopa."

"Najua hawawezi. Nauliza tu."

"Basi usiwe na wasiwasi," Shigela akasema, akamwongezea uji. Suzana akamtazama, akaendelea kumtazama, halafu akaunywa uji wake.

Siku ya tisa asubuhi mtoto aliamka wa moto. Evelina alipokuja kumnyonyesha, mtoto alishika chuchu akaiachia, akashika akaiachia, halafu hakushika tena. Wanawake wawili wakatazamana kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya jalala. Suzana akamfunga mtoto kifuani na kutoka mbio, miguu peku, kuelekea zahanati ya misheni. Evelina akamfuata, lakini nyuma, hatua kama kumi, kama mtu mwenye safari yake nyingine. Bibi Adoyo alikuwa nyuma ya Evelina akihema, na Shigela mwisho, ameshika viatu vya mkewe. Owuor alikuwa ziwani. Watu wa barabarani waliwapisha njia na wengine wakacheka, kwa kuwa walikuwa wamesikia habari zile, na kwa mbali kweli walionekana watu wa kuchekwa.

Muuguzi alikuwa mama mmoja mnene, Msukuma mwenzetu, jina lake Ng'washi. Alimpima mtoto, akamfunua kope, akamminya kucha, akaita mwenzake alete dawa. Mikono yake ilikwenda haraka bila papara. Kisha akachukua kadi na kalamu.

"Jina la mama?"

Kulikuwa na saa ya ukutani iliyosimama na picha ya Bikira Maria, na wote wanne wakapata kitu cha kutazama.

"Nauliza mama wa mtoto ni nani?"

"Ameokotwa," Bibi Adoyo akasema.

Muuguzi akainua uso. "Ameokotwa wapi? Lini? Bibi, mtoto wa kuokotwa namwandikia polisi na ustawi wa jamii. Tutamtibu, akipona watampeleka kwenye kituo cha watoto. Hivyo ndivyo mnavyotaka?"

Evelina alifungua mdomo. Bibi Adoyo, haraka kuliko umri wake, akamziba kwa kiganja, akaugandamiza mkono pale pale. Alikuwa amezika wajukuu watatu kwa mikono ile, na nani angemlaumu.

"Mimi," Suzana akasema. "Mimi ndiye mama yake."

"Haya. Kwa nini hamsemi?" Muuguzi akamuuliza jina, akaliandika. "Kaa hapo, mama. Mnyonyeshe nione kama ana nguvu ya kuvuta. Akivuta tunaendelea na dawa, asipovuta itabidi tumpitishie mpira puani."

Shigela alidhani mkewe atasema jambo, atatafuta njia, kwa kuwa Suzana alikuwa na jibu la kila mtu. Suzana akaketi kwenye benchi. Akafungua vifungo vya blauzi yake kimoja baada ya kingine, akatoa ziwa lake, akamweka mtoto. Miaka kumi na minne Shigela alikuwa ameomba aione picha hiyo. Mtoto akanusa, akageuza kichwa, akatafuta, akapata. Akavuta. Alikuwa na nguvu kidogo bado. Akavuta tena, akangoja, halafu akaachia na kulia sauti nyembamba isiyofika mbali. Suzana akamrudisha. "Nyonya, mayu," akasema. "Nyonya, mama." Mtoto akavuta, akaachia, akalia. Suzana akambadilisha upande wa pili. Hakumtazama mtu yeyote. Aliendelea kumwekea, na mtoto aliendelea kukataa, na upande ule mwingine wa benchi kifua cha Evelina kilikuwa kimelowesha kitenge chote mpaka maziwa yakamdondokea magotini.

"Ni huyu," Shigela akasema.

Hakujua kama ametoa sauti. Akasema tena kwa nguvu, akinyoosha kidole, kama shahidi mahakamani. "Mama yake ni huyu hapa, Evelina, mke wa Owuor. Amemzaa yeye. Sisi tulimchukua. Mtoto ni wake."

Bibi Adoyo akashika kichwa. "Umemtaja!" akalia. "Mwanangu, umemtaja!" Akakaa chini sakafuni, akajifunika uso kwa kitenge. Shigela alikuwa anamwangalia Suzana, ambaye alikuwa amemtoa mtoto mbele kwa mikono miwili kabla hata hajaambiwa, na Evelina akampokea, akasema, "Mwanangu, mwanangu, mwanangu," siku tisa zote kwa mara moja. Mtoto akashika. Akavuta taratibu, akapumzika, akavuta. Muuguzi Ng'washi alikata jina moja kwenye kadi, akaandika jingine juu yake, wala hakuuliza swali.

Waliambiwa abaki mama tu, wengine wasubiri nje. Nje kulikuwa na benchi la saruji lililoelekea barabarani, na chini kule ziwa lilikuwa la kijani kwa magugu maji. Suzana alikaa, blauzi ikiwa bado wazi. Shigela akapiga magoti, akamvalisha viatu, halafu akamfunga vifungo. Vidole vyake, vinavyoweza kuingiza sindano ya karabai kwenye tundu usiloliona, vilikosea mara mbili.

Wakakaa. Baada ya muda mrefu muuguzi alitokeza kichwa mlangoni akasema mtoto anavuta vizuri, homa imeanza kushuka, wamshukuru Mungu. Shigela akasema asante. Suzana naye akasema asante.

"Ulikuwa wapi siku zote hizi?" Suzana akauliza muuguzi alipoondoka.

"Nilikuwepo."

"Mimi nilishindwa kumtoa. Kila siku nilisema leo nitamtoa, mikono ikakataa. Wao walishindwa kumchukua. Alibaki mtu mmoja tu wa kusema." Hakuwa na hasira. Alikuwa anaeleza. "Nilikungoja, Shigela. Ungesema siku ile ya kwanza, ningekuchukia mwezi mmoja."

"Na sasa?"

"Sasa nimeshajua mtoto anavyonukia shingoni."

Shigela akaweka mkono wake benchini karibu na wa mkewe. Ndani ya zahanati mtoto akalia, sauti ya sasa ikiwa na nguvu, ya kutaka kitu. Suzana akasimama haraka, mkono tayari kwenye kitenge, akapiga hatua moja kuelekea mlangoni. Kilio kikakatika. Akasubiri kidogo kusikia kama kitaanza tena, kisha akarudi akaketi.